Faili la kufuli linamkatalia hata root: niweke ruhusa gani?

Swali: Habari mkuu. Nina skripti ya Python inayolinganisha malipo ya wateja na oda zao. Cron ya root inaiendesha kila dakika kumi, halafu webu nayo (gunicorn, yuza www-data) inaiita mtu akibonyeza kitufe cha "linganisha sasa". Ili zisigongane nafungua `/tmp/malipo.lock` kwa `open(..., "w")` kisha naita `fcntl.flock`. Cron ikitangulia, webu inapata Permission denied. Nikapiga chmod 777 ikatulia, ila seva ikizimwa na kuwashwa shida inarudi palepale. Sasa tumehamia seva mpya ya Ubuntu, na huku webu ikitangulia hata root anakataliwa! Root anakataliwaje jamani? Na ruhusa sahihi ni ipi hasa?

Jibu: Salama mdau. Nianze na hilo la root, maana likieleweka hayo mengine yanafuata yenyewe.

Linux kuanzia kerneli 4.19 (ile ya 2018) ina kinga inaitwa `fs.protected_regular`. Inafanya hivi: kama folda inaandikika na kila mtu na ina stiki-biti (alama inayomzuia mtu kufuta faili la mwenzake humo), yaani folda kama `/tmp`, na ndani yake kuna faili la kawaida ambalo si lako, basi ukilifungua kwa `O_CREAT` (yaani "liunde kama halipo") kerneli inakukatalia, isipokuwa mwenye faili ni yuleyule mwenye folda. Na hapo hata uwe root haijalishi, hii haipitii kwenye zile biti za rwx (kusoma, kuandika, kuendesha) ambazo root anaziruka kila siku. Sasa `open("w")` ya Python ndani yake ina `O_CREAT`, faili lilishaundwa na www-data, `/tmp` ni ya root, root anakuja kufungua faili la www-data, anagonga ukuta. Ikiwa kinyume chake, faili likiwa la root, kinga hii haimgusi www-data kwa sababu root ndiye mwenye `/tmp`, ila anakwama kwa sababu ya zamani kabisa ya ruhusa. Ndiyo maana unaona dalili mbili zinazofanana kwa maandishi lakini chanzo chake ni tofauti. Kwenye seva yako ya zamani kinga hii ilikuwa haijawashwa, kwenye Ubuntu za kuanzia 20.04 utaikuta imewashwa. Angalia kwa `sysctl fs.protected_regular`, ikisema 1 au 2 ndiyo hiyo.

Na tafadhali usiende kuizima. Najua utakutana na ushauri wa kuandika 0 na maisha yaendelee, lakini kinga hiyo iliwekwa kwa sababu watu walikuwa wanatanguliza mafaili yao kwenye `/tmp` kwa majina wanayojua root atayafungua, root anakuja anaandika kwenye faili la mtu mwingine bila kujua. Jina `/tmp/malipo.lock` linakisika na mtu yeyote mwenye akaunti kwenye hiyo seva.

Sasa ile dalili ya kwanza. Cron ya root ikitangulia, Python inaomba faili liundwe kwa 0666, kerneli inatoa biti zilizoko kwenye umask (orodha ya ruhusa ambazo faili jipya linanyimwa), na umask ya root kawaida ni 022, kwa hiyo unabaki na 0644: root anaandika, wengine wote wanasoma tu. www-data anakuja na `"w"` anataka kuandika, anakataliwa. Ulivyopiga chmod 777 ukafungua, ila `/tmp` inasafishwa seva ikiwaka, faili likazaliwa upya na 0644 yake. Yaani hapo ulikuwa unatibu faili lililopo wakati tatizo liko kwenye jinsi linavyozaliwa.

Hapa ndipo nataka uelewe kitu ambacho watu wengi wanakipita haraka. Ruhusa za faili la kufuli hazilindi yaliyomo, maana mara nyingi ndani hamna kitu, ni tupu au lina namba ya prosesi tu. Zinachoamua ni nani anaruhusiwa kulishika hilo kufuli, na mwenye uwezo wa kulishika ana uwezo wa kuisimamisha kazi yako. Sasa angalia: `flock` kwenye Linux haihitaji uwe umefungua faili kwa kuandika. Mtu akilifungua kwa kusoma tu anaweza kuomba `LOCK_EX`, kufuli la peke yake kabisa, na akapewa. Kwa hiyo hata ile 0644 inayoonekana ya adabu, yuza yeyote kwenye seva, hata akaunti ya mafunzo ya kijana wa field, anafungua faili kwa kusoma, anaita flock, analala usingizi, na malipo yako hayalinganishwi mpaka mtu ashtuke. Hajavunja kitu chochote, hajaandika herufi hata moja. Na 0777 ni mbaya zaidi, kwa sababu ukishaanza kuandika namba ya prosesi humo ndani, kesho mtu anakuja na skripti ya root inayosoma namba hiyo na kuipiga `kill`, halafu yeyote anayeweza kuandika kwenye faili anamchagulia root prosesi ya kuua.

Kwa hiyo ruhusa sahihi ni ndogo kuliko unavyodhani: wale tu wanaotakiwa kushindania kufuli, basi. Ikiwa ni yuza mmoja, 0600. Ikiwa ni yuza wawili watatu, 0660 na kikundi chao. Wengine wote sifuri, hata kusoma wasisome.

Angalia wenzetu wanavyofanya kwenye mashine yako hiyohiyo. Piga `ls -l /etc/.pwd.lock`, hilo ndilo kufuli la kubadilisha paswedi na orodha ya mayuza, ni 0600, root peke yake. `/var/lib/dpkg/lock-frontend`, lile linalokuletea "Could not get lock" ukiwa na haraka ya kuinstall kitu, ni 0640 ya root. Halafu kuna `/tmp/.X0-lock` la X (mfumo wa kuonyesha madirisha) kwenye mashine za desktop, hilo ni 0444, kila mtu anasoma, na lina sababu: kufuli la X halitumii flock, linafanya kazi kwa kuwepo tu, na ndani yake kuna namba ya prosesi ambayo mwingine anayetaka kuanza anaisoma ajue kama mwenye nayo bado yu hai. Kusomeka hapo hakumpi mtu uwezo wa kulishika.

Tofauti hiyo ndiyo nataka uishike vizuri, maana ruhusa za kuangalia zinahama. Makufuli ya mafaili ni ya aina mbili. Aina ya kwanza kufuli ni kule kuwepo kwa faili: unaunda kwa `O_CREAT | O_EXCL`, ukifanikiwa umeshika, ukiambiwa lipo tayari basi kuna mwenzako. Hapo ruhusa za faili lenyewe karibu hazina kazi, kinachoamua ni ruhusa za folda, kwa sababu kuunda na kufuta faili ni kuandika kwenye folda. Git ndivyo inavyofanya na `.git/index.lock`, na yenyewe ina la ziada, lile faili la kufuli ndilo linaloandikwa yaliyomo mapya halafu linabadilishwa jina kuwa `index`, kwa hiyo ruhusa ulizolizaa nazo kufuli ndizo zinakuwa ruhusa za faili halisi. Ndiyo maana repo inayotumiwa na watu kadhaa kwenye seva moja inatakiwa iwekwe `core.sharedRepository=group`, bila hivyo mmoja akipush wenzake wanaanza kulalamika. Aina ya pili ni yako, ya flock: faili linakaa pale siku zote, kufuli liko kwenye kerneli, prosesi ikifa kufuli linajiachia lenyewe. Hapo ruhusa za faili ndizo zinaamua nani anaingia, na za folda zinaamua nani anaweza kulifuta na kuweka lingine mahali pake. Zote mbili zinakuhusu.

Sasa jaribu la kwanza ambalo kila mtu analifikiria ni kuunda faili kisha kuita `chmod` mara moja baadaye. Usifanye hivyo kwa kutumia jina la faili, hasa ukiwa root na hasa ndani ya `/tmp`. Hii si nadharia. X.Org yenyewe ilinaswa hapo mwaka 2011, CVE-2011-4029, kwenye hilihili faili la kufuli: seva ya X ilikuwa inaunda faili la muda, inaandika namba ya prosesi, halafu inaita `chmod` ya 0444 kwa kutumia jina. Katikati ya hizo hatua mbili mtu aliweza kupachika simlinki (kiungo kinachoelekeza kwenye faili lingine) kwenye jina lile, na X ikiwa inaendeshwa kama root ikaenda kuweka 0444 kwenye faili lolote lililoelekezwa, maana yake faili la siri la root linasomeka na kila mtu. Marekebisho yakaja kwenye toleo 1.11.2 na yalikuwa madogo mno, `chmod` ikawa `fchmod`, yaani badala ya kutaja jina unataja faili ambalo tayari umelishika mkononi, hakuna mtu wa kukubadilishia. Kwenye Python ni `os.fchmod(fd, 0o660)`. Kwa hiyo ukilazimika kubadilisha ruhusa baada ya kuunda, tumia hiyo siku zote.

Halafu kuna mtego wa umask ambao unawapata hata wazoefu. Unaandika `os.open(njia, os.O_RDWR | os.O_CREAT, 0o660)` unajisemea kikundi kitaandika. Hakitaandika, 0660 ukiitolea 022 unabaki na 0640. Unaweza kushusha umask iwe 007 kabla ya kufungua, lakini umask ni ya prosesi nzima, ukiwa na nyuzi (threads) kadhaa ndani ya gunicorn unabadilisha kwa wote, na uzi mwingine unaoandika faili jingine kwa wakati huohuo utaathirika bila kujua. Kama huduma yako inaendeshwa na systemd (msimamizi wa huduma kwenye Linux) ni nafuu kuweka `UMask=0007` kwenye faili la huduma, ila hapo nayo inagusa kila faili linaloundwa na webu, fikiria kwanza.

Mimi ningefanyaje? Swali la kwanza ningejiuliza kwa nini cron hiyo ni ya root. Kulinganisha malipo na oda ni kusoma na kuandika kwenye database, root wa nini hapo? Ihamishie kwenye `/etc/cron.d/`, ambako kila mstari una sehemu ya kutaja yuza, weka www-data au bora zaidi yuza maalum wa kazi hiyo, na kama wote wawili wanakuwa yuza mmoja basi faili linakuwa 0600 na mjadala umeisha.

Kama kweli root anahitajika, basi fanya kikundi, na faili lisizaliwe na skripti kabisa. Litengenezwe mapema na systemd-tmpfiles, nje ya `/tmp`:

```
sudo groupadd --system malipo
sudo usermod -aG malipo www-data
```

halafu ndani ya `/etc/tmpfiles.d/malipo.conf`:

```
d /run/malipo             0750 root malipo -
f /run/malipo/malipo.lock 0660 root malipo -
```

na uiamuru ifanye kazi sasa hivi bila kusubiri kuwasha upya:

```
sudo systemd-tmpfiles --create /etc/tmpfiles.d/malipo.conf
```

`/run` iko kwenye memori, inafutika seva ikizimwa, lakini kila ikiwaka mistari hiyo miwili inasomwa tena na faili linarudi na ruhusa zilezile, bila kujali umask ya mtu. Angalia folda nimeiweka 0750 makusudi: wanakikundi wanaingia ndani na kufungua kufuli, lakini hawawezi kuunda wala kufuta kitu humo, kwa hiyo hakuna skripti itakayojisahau ikafuta kufuli. Mtu asiye kwenye kikundi hafiki hata kwenye faili. Baada ya `usermod` ristati gunicorn, kwa sababu prosesi inachukua vikundi vyake inapoanza, ikishaanza haijui kama umemuongeza. Na angalia kama faili la huduma yako lina mstari wa `Group=` au `SupplementaryGroups=`, ongeza malipo kwenye huo wa pili.

Kwenye skripti sasa:

```
fd = os.open("/run/malipo/malipo.lock", os.O_RDWR | os.O_NOFOLLOW)
try:
    fcntl.flock(fd, fcntl.LOCK_EX | fcntl.LOCK_NB)
except BlockingIOError:
    sys.exit("kazi nyingine bado inaendelea")
os.ftruncate(fd, 0)
os.write(fd, b"%d\n" % os.getpid())
```

Hakuna `O_CREAT`, umeona? Faili likikosekana skripti inalia kwa nguvu na wewe unajua kuna kitu hakijawekwa sawa, badala ya kujizalia faili lake lenye ruhusa za ajabu na kuendelea kimyakimya. Pia kusafisha yaliyomo kunakuja baada ya kushika kufuli. Ile `"w"` yako ilikuwa inafuta yaliyomo palepale inapofungua, kabla hata haijajua kama kufuli liko huru, yaani aliyekosa kufuli anafuta namba ya prosesi ya aliyeshika. Na kama kodi hii iko ndani ya gunicorn yenyewe badala ya kuitwa kama prosesi ya pembeni, usitumie `sys.exit`, rudisha jibu kwa mtumiaji, na mwisho wa kazi uite `os.close(fd)`, la sivyo mfanyakazi wa gunicorn anaendelea kuishi na kufuli anaondoka nalo.

Mambo mengine nayapitia haraka. Usifute faili la flock ukimaliza kazi, hata kama unapenda usafi. Prosesi A imeshika, B imefungua faili hilohilo inasubiri, A inamaliza na kufuta, B inapata kufuli la faili ambalo halina jina tena, C inakuja inaunda jipya na kulishika, sasa B na C wote wanalinganisha malipo kwa pamoja na kila mmoja anaamini yuko peke yake. Kwenye distro ambazo systemd-tmpfiles inafuta vitu vya `/tmp` vilivyokaa siku 10 bila kuguswa, ajali hiyohiyo inaweza kukupata bila wewe kufuta chochote.

Kwenye namba za ruhusa andika `0o660` na si `660`. Python 3 inakataa `0660` kwa kosa la sintaksia, watu wanaondoa sifuri wanaandika `660` na inakubali, ila hiyo ni mia sita na sitini ya kawaida, kwa oktali ni 1224, na ukipita umask ya 022 unapata faili linaloonyesha `--w----r-T`. Ukikutana na ruhusa za namna hiyo ujue ni hapo tu. Pia `os.open` ya Python usipoitajia ruhusa inatumia 0777, kwa hiyo unaona faili la kufuli lenye 0755 kana kwamba ni programu ya kuendeshwa. Kwenye C ni hatari zaidi, ukiita `open` yenye `O_CREAT` ukasahau hoja ya tatu, ruhusa zinaokotwa kutoka takataka zilizoko kwenye steki, leo hivi kesho vile.

`fcntl.flock` na `fcntl.lockf` hazionani kwenye diski ya hapohapo. Kama cron inatumia moja na webu nyingine, zote zitafanikiwa kwa wakati mmoja. Chagua moja. Na `lockf` ya peke yake inataka uwe umefungua kwa kuandika, ndivyo ilivyo pia kwa `flock` ukiwa juu ya NFS (diski ya kupitia mtandao), maana huko Linux inaigeuza kuwa kufuli la aina ile nyingine, kwa hiyo 0640 iliyokuwa inatosha kwa mwanakikundi kwenye diski yako inaanza kukataa ukihamia NFS.

Jambo moja zito nimeliacha. Huduma nyingi za systemd zinawekwa `PrivateTmp=true`, Apache ya Ubuntu ni mfano, na huduma ya hivyo inapewa `/tmp` yake yenyewe isiyoonekana na wengine. Ungekuwa nyuma ya huduma ya namna hiyo usingepata hata Permission denied, cron ingefunga `/tmp/malipo.lock` yake na webu yake, mafaili mawili tofauti yenye jina moja, na malipo yangeingizwa mara mbili bila kosa lolote kwenye logi. Wewe ulibahatika kukataliwa. Hiyo peke yake inatosha kuhama `/tmp` hata kama ruhusa zingekuwa zimenyooka.

Ukishaweka, jaribu kama mayuza wenyewe, usijaribu kama root tu. `namei -l /run/malipo/malipo.lock` itakuonyesha ruhusa za kila hatua ya njia, folda kwa folda. Kisha fungua terminali mbili, kwenye moja endesha skripti kwa `sudo -u www-data`, nyingine kama root, ya pili inatakiwa iseme kazi nyingine inaendelea. Wakati hiyo ya kwanza bado inakimbia piga `sudo lslocks` uone prosesi gani imeshika. Halafu jaribu na yuza wa tatu asiye kwenye kikundi, `sudo -u nobody cat /run/malipo/malipo.lock`, lazima akataliwe, akifanikiwa kusoma kuna mahali umeacha wazi. Lile la `/tmp/malipo.lock` la zamani lifute ukiwa umeshazima cron na gunicorn zote mbili, kwa sababu skripti ya zamani ikiwa bado inakimbia popote itaendelea kulitegemea hilo.